Riwaya ya Kipolandi kwa Kiingereza: je, nimesoma kitabu chenyewe?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Morogoro. Ndugu yangu anayeishi Ujerumani aliniletea riwaya ya Olga Tokarczuk, Flights, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Nilifika ukurasa wa sitini na kitu nikaiweka kando. Sikuona hadithi ya kuishika, na Kiingereza chake nilikisikia kama mtu anayezungumza akiwa chumba cha pili. Mwenzangu ofisini ananiambia najisumbua bure, eti kitabu kilichotafsiriwa ni kivuli, na mimi nakisoma kivuli hicho kwa lugha yangu ya tatu. Naomba unieleze: tatizo ni Kiingereza changu, ni mfasiri au ni kitabu? Na nikitaka kuendelea na riwaya za Ulaya za siku hizi, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu.

Nianze na hilo la kivuli, maana naona limekuvunja moyo kuliko kurasa sitini zenyewe. Mwenzako amekosea, na ushahidi bila shaka uko kwenye maktaba ya shule yenu. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice ya Shakespeare. Jina la Kiingereza la tamthilia ile linamtaja mfanyabiashara, tena mmoja tu. Nyerere angeandika “Mfanyabiashara wa Venisi” na hakuna ambaye angemlaumu. Akachagua mabepari, kwa wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Neno moja, na ndani yake kuna mjadala mzima wa nchi ya wakati ule. Waliosoma kitabu kile hawakusoma kivuli cha Shakespeare. Walisoma kazi ya watu wawili, mmoja aliyetunga na mwingine aliyeamua kila neno la Kiswahili liwe lipi.

Kwa Flights ni vivyo hivyo. Tokarczuk aliiandika kwa Kipolandi, ikatoka mwaka 2007. Kiingereza chote unachokiona humo, kila neno na kila mkato, ni cha Jennifer Croft, Mmarekani, na kitabu chake kilitoka London mwaka 2017. Mwaka uliofuata wakapata pamoja tuzo ya International Booker, wakati ule ikiitwa Man Booker International, ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza. Nasema pamoja kwa maana halisi: tuzo ile ni pauni 50,000, na mwandishi na mfasiri wanagawana nusu kwa nusu. Mwaka 2021 Croft alitangaza kwamba hatatafsiri tena kitabu ambacho jina lake halitawekwa kwenye jalada. Nilifurahi sana siku ile. Nimefanya kazi ya tafsiri kwa miaka mingi, na ninajua inavyokuwa kukaa na sentensi moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha jina lako lichapwe kwa herufi za sisimizi karibu na anwani ya mchapishaji. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba kabla hujafungua riwaya yoyote ya namna hii ni kumtafuta mfasiri, ujue jina lake. Ukimpenda, jina hilo litakupeleka kwenye vitabu vingine kwa uhakika kuliko picha ya jalada.

Sasa Kiingereza chako. Umesema ni lugha yako ya tatu kana kwamba unaomba radhi. Kama ungekuwa unasoma riwaya ya Mwingereza kuhusu mtaa wake wa London ningekuelewa, kwa sababu pale Kiingereza ndicho mwenye nyumba na wewe ni mgeni. Ila kwenye Flights Kiingereza nacho ni mgeni. Kimebisha hodi kwa Wapolandi kama ulivyobisha wewe, kikakaribishwa sebuleni, jikoni hakikufika. Msomaji wa London hana ufunguo ambao wewe huna. Mara nyingi ana pungufu, kwa kuwa amezoea lugha moja na huchukulia kwamba kila kilichoandikwa kwa lugha yake kimezaliwa ndani yake. Wewe umelelewa kwa lugha moja, ukafundishwa kwa ya pili, ukafika kidato cha kwanza ukabadilishiwa ya tatu. Unajua kwa mwili wako kwamba jambo likivuka kutoka lugha hadi lugha kuna kinachobaki ng’ambo.

Ile sauti ya chumba cha pili uliyoisikia, basi, usiione kama kasoro ya masikio yako. Ndiyo Kipolandi hicho. Umewahi kuisikia kabla: ukisoma Gurnah kwa Kiingereza unasikia Kiswahili kikipumua chini ya sentensi, na ndiyo maana Ida Hadjivayanis alipoitafsiri riwaya yake Paradise kwa Kiswahili na kuitoa kama Peponi mwaka 2022, wengi wetu tulihisi maneno yale yamerudi kwao. Sikio hilohilo ndilo la kutumia kwa Wazungu.

Nikuonyeshe kwa kitu kimoja, jina la kitabu. Kwa Kipolandi riwaya hiyo inaitwa Bieguni, jina la kundi la waumini walioamini kwamba mtu akiendelea kutembea, uovu haumpati, na akitulia mahali pamoja amekwisha. Ndani ya neno hilo kuna mzizi wa kukimbia. Croft angeweza kuliacha kama lilivyo, na Waingereza wasingeelewa kitu. Akachukua neno la Kiingereza lenye pande mbili, kuruka kwa ndege na kutoroka, kwa kuwa kitabu chenyewe kimejaa viwanja vya ndege na watu wanaotoroka. Ni uamuzi mzuri, lakini uzi mmoja umekatika: lile kundi la waumini halimo tena kwenye jina. Sasa jiulize Kiswahili kingefanyaje. Tuna kimbia, kimbilia, kimbiza, mkimbiaji, mkimbizi, kimbilio. Mzizi mmoja unatupa anayekimbia, anayemkimbiza na mahali pa kukimbilia. Mfasiri wa Kiswahili angekuwa na sanduku la zana ambalo Croft hakuwa nalo, ingawa kwenye upande wa ndege angekwama. Nilipolifikiria hilo mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumba.

Kuna mengine ambayo Kiingereza huyaangusha njiani, na mtu wa Kiswahili anaweza kuyaokota. Kwa Kipolandi mwanamke akisema “nilikuwa” anasema byłam, mwanamume anasema byłem. Jinsia ya msimulizi inasikika kwenye kitenzi chenyewe. Kwa Kiingereza inapotea, na kwetu pia ingepotea. Ukienda kwa Wahungari na Wafini mambo yanageuka. Hungaria wana ő, Ufini wana hän, sisi tuna yeye, na kote huko mwanamume na mwanamke ni neno moja. Kiingereza kinamlazimisha mfasiri kuchagua. Kwa hiyo ukikutana na riwaya ya László Krasznahorkai, Mhungari aliyepata Nobeli mwaka 2025, kumbuka kwamba kila kiwakilishi cha kike au cha kiume kiliwekwa pale na mfasiri wake, kwa kuwa lugha ya Kiingereza haikumruhusu kunyamaza. Kwenye Kihungari palikuwa na yeye tu.

Halafu kuna heshima. Wajerumani wana du ya mtu wa karibu na Sie ya mtu wa kumheshimu. Kiingereza kinawaweka wote kwenye kapu moja. Chukua Kairos ya Jenny Erpenbeck, iliyotafsiriwa na Michael Hofmann, wakapata International Booker mwaka 2024. Berlin ya Mashariki, mwaka 1986, binti wa miaka 19 anaanza mapenzi na mwandishi wa miaka 53 mwenye mke. Sisi heshima hatuiweki kwenye kiwakilishi, tunaiweka kwenye salamu. Siku binti anapoacha kumwamkia mtu mzima shikamoo na kuanza kumwambia mambo, mtaa mzima unajua kuna kitu kimetokea. Mjerumani anasikia badiliko la namna hiyo ndani ya neno moja dogo. Ukisoma Kairos shika penseli, na pembeni ya kila mazungumzo yao jiulize: hapa angeamkia, au asingeamkia? Utashangaa jinsi kitabu kitakavyoanza kutisha.

Na wakati mwingine Kiingereza kinaokota kisichokuwa chake. Erpenbeck ana riwaya nyingine ya mwaka 2015, kuhusu profesa mstaafu wa Berlin anayejenga urafiki na Waafrika wanaoomba hifadhi, wale waliokuwa wamepiga kambi uwanja wa Oranienplatz. Jina lake la Kijerumani ni kitenzi kikinyambuliwa, Gehen, ging, gegangen, kwa sababu wageni wale wanafundishwa Kijerumani na wanakariri vitenzi visivyofuata kanuni. Susan Bernofsky akaitafsiri kwa jina Go, Went, Gone. Mwalimu, wewe unajua hayo maneno matatu. Umeyaimba ukiwa mwanafunzi, na leo darasa lako linayaimba huku umeshika chaki. Mwingereza hakuyakariri kamwe, aliyanyonya kwa mama. Anayesoma jina lile na kusikia darasa, dawati na woga wa kuulizwa ni wewe, pamoja na wale vijana wa Oranienplatz. Kwa Kiswahili jina hilo lingekufa, kwa kuwa kwenda haina matata: ninakwenda, nilikwenda, nimekwenda, mzizi hautikisiki. Hapa tafsiri ya Kiingereza imekuwa karibu zaidi na msomaji wa Morogoro kuliko na msomaji wa Manchester. Nadhani hilo peke yake linamjibu mwenzako wa ofisini.

Je, mfasiri hawezi kuharibu? Anaweza. Ukiona mkulima, padri na mtoto wa miaka sita wote wanaongea kwa sauti moja, au ukiona misemo ya mitaani ya London kinywani mwa mzee wa kijiji cha Polandi, umeshika kazi ya haraka. Wakati mwingine mkono ulioharibu si wa mfasiri: riwaya ya Kiswidi ya Stieg Larsson iliyovuma duniani kama The Girl with the Dragon Tattoo, kwa Kiswidi jina lake ni “Wanaume wanaochukia wanawake”, na ukilijua hilo unasoma kitabu tofauti. Na kuna maji yaliyopita ndoo mbili. Ismail Kadare wa Albania, mtu wa kwanza kupewa Man Booker International, mwaka 2005, vitabu vyake kadhaa David Bellos alivitafsiri kutoka Kifaransa, maana Jusuf Vrioni alikuwa ameshavitoa Kialbania na kuvileta huko. Visome tu, ni vizuri. Ila usijenge hoja nzima juu ya kivumishi kimoja kilichobadilishiwa magari mara mbili.

Kwa Flights, mimi siweki lawama kwa Croft wala kwako. Uliingia ukitafuta hadithi, na kitabu hakina hadithi moja. Ni vipande zaidi ya mia, vingine vya aya moja, vingine virefu kama hadithi fupi: mwanamume anayepotelewa na mke na mtoto kwenye kisiwa cha Croatia, moyo wa Chopin, mtunzi wa muziki wa Kipolandi, ukirudishwa Warsaw na dada yake, daktari wa zamani anayeuchunguza mguu wake mwenyewe uliokatwa. Kinachoviunganisha ni mwili wa binadamu na safari zake, akiwa hai na akiwa maiti. Ungeambiwa hivyo mapema ungekisoma kama unavyosoma diwani, kipande leo, kipande kesho.

Na uliacha jambo ambalo siwezi kukusamehe uliache. Limetawanywa mle ndani kwa barua za mwanamke anayeitwa Josefine Soliman akimwandikia Kaizari Francis wa Austria. Barua zimetungwa na Tokarczuk, lakini watu ni wa kweli. Baba yake, Angelo Soliman, alikuwa Mwafrika aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Sicilia, akahamishwa kutoka kwa bwana mmoja hadi mwingine mpaka akafika Vienna. Huko akawa mtu wa heshima, msomi mwenye lugha nyingi, aliyekaa meza moja na wakubwa wa mji. Alifariki mwaka 1796. Badala ya kuzikwa, alichunwa ngozi, ikawambwa na kuvalishwa manyoya na shanga za kombe, akawekwa kwenye maonyesho ya Kaizari pamoja na wanyama, kama mshenzi kutoka porini ambaye hajawahi kuwa. Binti yake aliomba mwili wa baba yake arudishiwe, auzike kikristo. Hakupewa. Mwaka 1848, mji ulipochafuka kwa mapinduzi, ile sanamu ya ngozi iliteketea.

Kwenye kitabu binti haandiki mara moja. Anaandika, hajibiwi, anaandika tena, na adabu ya barua ya kwanza inaanza kuchanika. Sisi tunaosoma hapa tunasoma tukiwa na yetu. Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954. Ukoo wa Songea Mbano bado unaulizia kichwa cha mzee wao, na Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea Novemba 2023 kuomba radhi. Mpolandi aliyeandika barua za Josefine hakuwa akituandikia sisi, na Mmarekani aliyezitafsiri hakuwa akituwazia. Lakini zimefika, na nina hakika kuna uzito ndani yake ambao msomaji wa Songea au Iringa ataupima kwa usahihi kuliko mhakiki yeyote wa London.

Uliuliza pa kuanzia. Kama unataka kubaki na Tokarczuk, weka Flights kando ya kitanda na uchukue kwanza Drive Your Plow Over the Bones of the Dead, iliyotafsiriwa na Antonia Lloyd-Jones. Ina hadithi ya kushika: bibi mmoja anaishi peke yake kijijini, na wawindaji wa pale wanakufa mmoja baada ya mwingine. Bibi huyo na kijana rafiki yake wanatafsiri mashairi ya William Blake kwa Kipolandi, wakijaribu ubeti mmoja kwa namna kadhaa, na Lloyd-Jones akalazimika kuzirudisha namna zote hizo kwa Kiingereza, lugha ya Blake mwenyewe, bila kuzifanya zifanane. Kurasa hizo ziwekee alama uwafundishie.

Kwa mwalimu ningependekeza pia My Brilliant Friend ya Elena Ferrante, kwa tafsiri ya Ann Goldstein. Wasichana wawili wa mtaa maskini wa Naples, miaka ya hamsini, mmoja anaendelea na shule, mwingine, mwenye akili kali zaidi, wazazi wanakataa kumlipia. Angalia jinsi lahaja inavyofanyiwa kazi. Msimulizi mara nyingi anatuambia tu kwamba fulani sasa amezungumza lahaja, au amehamia Kiitaliano cha shule, na kila anayehama amepanda au ameshuka. Mtoto wako wa kidato cha pili anayeongea Kiluguru nyumbani, Kiswahili uwanjani na Kiingereza mbele yako ataelewa hilo bila maelezo.

Kisha At Night All Blood Is Black ya David Diop, Mfaransa mwenye asili ya Senegal, iliyotafsiriwa na Anna Moschovakis, washindi wa International Booker ya mwaka 2021. Ni kifupi na kinauma. Askari Msenegali anapigana upande wa Wafaransa katika Vita Kuu ya Kwanza na kumpoteza rafiki aliye zaidi ya ndugu. Diop ameandika Kifaransa kinachowaza Kiwolofu, na Kiingereza kimeubeba mdundo huo. Kuna kiapo kinachorudi karibu kila ukurasa, ukweli wa Mungu, ukweli wa Mungu. Mhakiki mmoja aliniambia kinamchosha. Mimi nilikisoma kama “haki ya Mungu” ya mtu aliyekaa barazani akiapa asichoweza kukithibitisha, na hakikunichosha hata kidogo. Kila kiapo kilinifanya nimwamini kidogo zaidi, kisha kidogo pungufu. Babu zetu nao walibebeshwa mizigo ya vita ile. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kutoka kwa kikosi cha wapagazi.

Jon Fosse wa Norwei, Nobeli ya 2023, mwache mpaka upate jioni isiyo na madaftari ya kusahihisha. Anza na Morning and Evening, tafsiri ya Damion Searls, kuhusu mvuvi, kuzaliwa kwake na siku yake ya mwisho. Nukta ni chache mno. Msomee mtu kwa sauti. Kwa macho tu utapotea, kwa sauti unasikia maneno yakijirudia kama dhikri na kitabu kinafunguka.

Kuhusu upatikanaji, riwaya hizi mpya ni ghali. Dar es Salaam nenda Goethe-Institut na Alliance Française uulize tafsiri za Kiingereza, kwani watu wengi hudhani kule kuna Kijerumani na Kifaransa tu. Ndugu yako naye, akirudi tena, mpe orodha yenye majina ya wafasiri, asinunue kwa kuangalia jalada.

Nina ombi. Rudi kwenye Flights, zitafute barua za Josefine, uchague moja na kuigeuza Kiswahili, ukurasa mmoja tu, kwa mkono. Nitumie. Nataka kuona umemfanya amwiteje Kaizari: Mtukufu, Bwana Mkubwa, Baba? Na kama kwenye barua ya mwisho bado umemwacha amwamkie.